Jibu: Mchezo wa kuigiza kuhusu wanafunzi wanaoitwa mashoga

Salaam, ndugu yangu. Umeuliza utawashirikishaje vijana wa kikundi chenu hapa Malindi katika mchezo unaopinga uonevu wa wanaodhaniwa kuwa mashoga, bila kumtia yeyote hatarini.

Kwanza hakikisha hakuna kijana anayetakiwa kusimulia yaliyomfika mwenyewe, kwa kuwa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumiwa kuadhibu ngono ya jinsia moja, bado kinatumika nchini Kenya, na siri ikishatoka mtaani hairudi. Sisi huwapa karatasi zisizo na majina, kisha tunavichanganya visa na kubadilisha shule na mtaa, hata asijulikane mwenye kisa. Onyesho linalowagusa mno ni la bombani: mvulana anainama kuchukua ndoo, mmoja anaiga mwendo wake, na wengine wanatazamana kwanza kabla ya kucheka. Simamisha mchezo papo hapo, uwaulize watazamaji ni nani angeweza kusema neno. Video msipige kabisa.

Mkuu wa shule akisita, mwonyeshe kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa kimwili au wa kisaikolojia. Namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo, wapeni vijana kabla mazoezi hayajaanza.