Usiinue ufito! Kwa wadogo zangu mnaoanza stilihedi

Jumamosi pale mto Deschutes, Oregon, Marekani, chini ya mji wa Maupin, nimemwona kijana wetu mmoja akimpoteza stilihedi wake wa kwanza, yule trauti arudiye mtoni toka baharini, kwa kosa langu lile lile. Nilicheka, kisha tumbo likaniuma. Basi someni.

1. Acheni kuabudu hesabu za Bonneville, lile bwawa la mto Columbia ambalo samaki wetu hulipita wakipanda. Samaki wanahesabiwa pale bwawani tangu 1938, na nyinyi kila jioni mnatumiana tarakimu kama matokeo ya mechi. Aliyepita Jumatatu anaweza kufika kwetu wiki hii, mwezi ujao, au asifike. Wengine ni wa mito ya mbali kabisa. Wanachepuka kwetu kupoa tu, kwa kuwa Columbia ina joto.

2. Agosti jua likiwaka, barafu ya Mlima Hood inayeyuka, White River inamwaga tope kwenye mto wetu, na kuanzia pale mto wote ni chai ya maziwa. Panda juu ya makutano. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, funga virago.

3. Usiinue ufito. Hapa mnivumilie.

Mimi nilifunzwa na trauti wa mito ya Mlima Kenya. Stilihedi ni trauti yule yule wa upinde wa mvua, ila huyu kaenda baharini akarudi na misuli. Kule amri ilikuwa moja: akigusa nzi (yule wa bandia, wa manyoya, kwenye ndoano), inua! Nikavuka bahari na mkono ule ule. Msimu wa kwanza nilimaliza siku kumi na moja bila kuguswa. Tupa, acha nzi aukate mto mpaka ukingoni, hatua mbili, tupa tena. Siku ya kumi na mbili, alfajiri, mshipi ukakaza taratibu, kama mtu kakushika shati kwa nyuma. Nikainua kwa nguvu zote za Nyeri. Nzi akamtoka mdomoni, akaja kunasa kwenye kofia yangu.

Fikirini: samaki yuko upande wa chini wa mto, kaelekea juu, nami niko juu yake. Nikivuta, namtolea ndoano mdomoni kwa hisani yangu. Angeachwa achukue ule mshipi uliolegezwa, ageuke nao, ndoano ingemwingia yenyewe pembeni mwa taya. Mzee niliyekuwa naye hakusema neno. Alinimiminia kahawa, na kimya kile mpaka leo nakisikia. Tena lingekuwa mara moja! Mwaka ule nilirudia mara tatu, na ya tatu nilikuwa nimejiandikia kiganjani kwa kalamu: ACHA.

4. Lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia likiwepo, huyo kazaliwa mtoni, si wa kuzalishwa kituoni (wale hukatwa pezi hilo). Mwachie humo humo majini.

5. Nzi gani? Yeyote unayemwamini. Akiingia mtoni stilihedi hali sana, na kwa nini anamrukia nzi hakuna ajuaye.

Kijana wa Jumamosi kaniuliza jana usiku kama abadili nzi. Mdogo wangu, nzi alikuwa sawa kabisa.