Raida Auliza: Hela za Oda Huishia Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa raida, yaani wapeleka chakula kwa pikipiki, na wanaotaka kuingia kazi hiyo. Tumejibu kwa bei na barabara za Nairobi. Ukiwa mji mwingine, badilisha tarakimu tu.

Ndugu mhariri, nina pikipiki ya Boxer 150 na nabeba abiria stejini. Nataka kuhamia chakula. Natakiwa kuwa na nini?
*Mwanaboda, Kawangware*

Anza na karatasi, kwa maana ndizo huchelewesha. Leseni iwe na daraja A3, ambalo ndilo la bodaboda na wapeleka vifurushi. Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, unakiomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unaenda kupigwa alama za vidole. Kiombe kabla hata hujajisajili kokote. Weka tayari kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), logbuku (hati ya umiliki wa pikipiki) na bima.

Kwenye bima, soma palipoandikwa matumizi ya pikipiki. Ikiwa ni ya matumizi binafsi na umgonge mtu ukiwa na begi la chakula mgongoni, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Helmeti na jaketi la kuakisi mwanga ni sheria, si hiari.

Jisajili kwa programu mbili za kuagizia chakula ukiweza. Jumia Food ilipofunga Desemba 2023, raida aliyekuwa na hiyo peke yake alibaki na begi tupu.

Napiga oda 14 kwa siku, programu inaonyesha zaidi ya 2,000, lakini Jumamosi sina kitu. Nakosea wapi?
*Raida, Pipeline*

Pengine hukosei popote, ila unahesabu kilichoingia na kusahau kilichotoka. Tuchukue kila oda inalipa 150. Oda 14 ni 2,100. Sasa hesabu barabara: kilomita 2 kufuata chakula, 4 kumpelekea mteja, 3 kurudi bila kitu. Hizo ni 9 kwa oda moja, 126 kwa siku.

Pikipiki ya 150 kwenye jam ya Nairobi tuipe kilomita 40 kwa lita. Petroli ikiwa 180, kila kilomita inakula 4.50, na siku nzima 567. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakiandiki: oili ya kila kilomita 2,500, tairi, cheni na sproketi, brekipadi. Weka 1.50 kwa kilomita, nayo ni 189. Umebaki na 1,344. Toa mkopo wa pikipiki, tuseme 450 kwa siku, toa 250 za bando, chai na chakula chako. Mkononi ni 644. Kama ulitoka saa nne asubuhi ukaingia saa tatu usiku, hizo ni saa 11, na hujafikisha hata 60 kwa saa.

Dawa si kuongeza saa. Angalia mambo mawili: kilomita za bure na dakika za kungoja jikoni.

Kwa kilomita, chukua malipo ya oda ugawanye kwa kilomita zote, za kufuata chakula na za kurudi. Programu mara nyingi hukuonyesha umbali wa kutoka mkahawani hadi kwa mteja tu, kwa hivyo sehemu nyingine ujumlishe mwenyewe. Oda ya 150 hapo juu ni kama 16.70 kwa kilomita. Sisi tungeacha chochote kilicho chini ya 15. Oda ya kutoka Westlands hadi Syokimau hung'aa kwenye skrini, lakini unarudi bila kitu na saa ya chakula cha mchana imekwisha. Na ukishushia mzigo Kileleshwa, usikimbilie steji yako ya kawaida. Simama karibu na jikoni lililo jirani, injini ikiwa imezimwa.

Kuhusu kungoja, andika daftarini majina ya mikahawa na muda kila mmoja anaokushikilia. Baada ya wiki mbili utajua nani anapika baada ya kukuona mlangoni. Hao waachie wengine, ila angalia kwanza kama programu yako inashusha alama za anayekataa oda. Ikiwa inashusha, kataa chache zile mbaya kabisa.

Saa zenye oda nyingi ni saa sita hadi nane u nusu mchana, na saa kumi na mbili u nusu hadi tatu u nusu usiku. Katikati lala, au peleka pikipiki kwa fundi. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei mpya ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Siku hiyo rudia hesabu yako.

Supu inamwagika, chipsi zinafika zimelowa, wateja wananipa nyota moja. Nifanyeje?
*Roysambu*

Supu humwagika kwa sababu begi lina nafasi na mkebe unatembea ndani yake. Kunja taulo nene mbili uzibe nafasi hiyo pande zote. Piza ilale chini kabisa, isisimamishwe kamwe. Vinywaji visimame pembeni kwenye kishikio cha karatasi, mbali na chakula moto. Kabla hujaondoka kaunta, bonyeza kila mfuniko kwa kidole. Mfuniko ukilegea, mwambie mhudumu auzungushie plastiki hapo hapo, na upige picha mfuko ukiwa umefungwa. Ukishatoka mlangoni lawama ni yako.

Chipsi hulowa kwa mvuke wake zenyewe. Begi likifungwa kabisa mvuke unagonga kuta na kurudi kama maji. Acha zipu wazi kama sentimita 5 upande wa juu. Zitapoa kidogo, lakini mteja husamehe chipsi vuguvugu kuliko chipsi tepetepe.

Kama unatumia boksi la nyuma, kumbuka limekaa nyuma ya ekseli, kwa hivyo kila tuta hulirusha kuliko linavyokurusha wewe. Supu iweke upande wa boksi ulio karibu na kiti. Kila usiku osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na siki kidogo, ukaliache wazi likauke. Begi lililofungwa na unyevu hunuka kuvu, na harufu hiyo huingia kwenye mkate.

Mteja alinilipa kwa M-Pesa badala ya taslimu, kisha pesa zikarudishwa. Programu imenikata mimi.
*Nyali, Mombasa*

Pole. Kwa hesabu ya programu, oda ya taslimu ukishaikabidhi pesa ziko kwako, na ni deni lako. Anayetuma kwa namba ya kawaida anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, akidai alikosea namba, nawe salio lako likazuiwa. Piga Safaricom siku hiyo hiyo, ukiwa na picha ya oda na saa uliyoikabidhi.

Kuanzia sasa pokea kwa Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, ambapo mlipaji hawezi kurudisha pesa bila ridhaa yako. Usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, wala unaoingia kwako kutoka namba ya mtu. Angalia salio kwanza, chakula baadaye.

Pia usilimbikize taslimu za kampuni mfukoni. Kiwango kikizidi, akaunti huacha kupata oda, na kwa kawaida hilo hutokea Ijumaa saa mbili usiku, biashara imechanganya.

Rafiki yangu anataka kunikodishia akaunti yake. Niingie?
*Umoja*

Hapana. Programu huomba picha ya uso bila taarifa, na akaunti ikifungwa, pesa zilizomo ni zake yeye. Ukianguka pia, bima ya ajali, kama ipo, iko kwa jina lake.

Ramani hunipeleka Expressway. Na je, KRA wananidai?
*Kangemi*

Pikipiki haziruhusiwi Nairobi Expressway. Kwenye ramani chagua safari ya pikipiki na uweke kuepuka barabara za kulipia, la sivyo inakupa dakika za uongo na mteja anakungoja.

KRA: kodi ya mauzo ya asilimia 3 huwahusu wanaoingiza kuanzia shilingi milioni moja kwa mwaka. Ukiwa chini ya hapo, unatazamwa kwa faida baada ya gharama, kwa hivyo dai risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, kila unapoweka mafuta. Mwenye PIN hujaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hana cha kulipa.