Ajifunze na nafasi za wenzake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana anayeimba, kucheza na kuigiza akipata kazi yake ya kwanza ya malipo jukwaani, azingatie nini zaidi? Mimi hufundisha vijana uimbaji hapa Nairobi, na jibu langu ni hili: ajifunze pia nafasi ambazo hakupewa.

Wengi wanaonijia wamelelewa na tamasha za shule, ambako hufanywa mazoezi ya miezi kwa ajili ya dakika chache mbele ya waamuzi. Kazi ya kulipwa ina mwendo mwingine. Kule Broadway, eneo la majumba makubwa ya maonyesho jijini New York, mchezo mmoja wa nyimbo kwa kawaida huonyeshwa mara nane kwa wiki, na hakuna koo la mtu lisilochoka. Ndiyo maana maonyesho makubwa huajiri waigizaji wa akiba. Wapo wanaomshikia mhusika mkuu, na wapo wanaobeba nafasi nyingi za kundi la waimbaji na wachezaji wanaowazunguka wahusika wakuu: leo anasimama kushoto na kuimba sauti ya kwanza, kesho kulia na kuimba ya tatu. Mchezaji wa akiba katika soka huingia na mtindo wake. Huyu wa jukwaani lazima aingie na hatua za mwenzake zilezile, la sivyo watagongana.

Tarehe 23 Desemba 2021, mwigizaji Sutton Foster alipougua, Kathy Voytko, mwigizaji wa akiba, ndiye aliyeshika nafasi yake kuu katika The Music Man, mchezo wa nyimbo wa Broadway, baada ya kuarifiwa siku hiyohiyo. Mwishoni Hugh Jackman, mwigizaji mkuu wa mchezo huo, alisimama mbele ya watazamaji akawasifu wote wanaofanya kazi hiyo. Wanafunzi wangu hupenda zaidi kisa cha Shirley MacLaine, aliyetoka kwenye kundi mwaka 1954 la mchezo wa Broadway The Pajama Game kumshikia Carol Haney aliyeumia mguu, kisha akachukuliwa Hollywood. Mimi nawasisitizia cha Voytko. Alikuwa na miaka mingi ya Broadway nyuma yake na bado kazi yake ilikuwa hiyo ya akiba. Ni ufundi kamili, wala si adhabu ya aliyekosa nafasi.

Hapa kwetu mtayarishaji mara nyingi hana fedha za kuajiri watu wa akiba peke yao. Mwanakundi anayeijua nafasi ya pili humwokoa. Lakini asiokoe bure! Broadway chama cha waigizaji kimehakikisha kazi hiyo ina nyongeza ya malipo. Huku kijana aombe mwenyewe, kwa heshima, iandikwe kwenye mkataba kabla ya mazoezi kuanza, pamoja na malipo ya siku za mazoezi zenyewe.

Na kabla ya kuanza kujifunza, amwambie mwongozaji na pia mwenye nafasi, asije akadhaniwa anainyemelea. Kisha achukue daftari, akae mahali anapoliona jukwaa lote, aandike kila mmoja anasimama wapi, anatokea upande gani, anavuta pumzi kwenye neno lipi.