Amplifaya ya gitaa: chaneli mbili au nne kwa mpiga solo wa harusi na kanisani?

Mkuu, umeuliza ununue amplifaya ya chaneli mbili au ya nne, kwa sababu Jumamosi unapiga solo kwenye bendi ya harusi, Jumapili uko kanisani, na vyombo unabeba mwenyewe kwa bajaji. Mimi pia ni mpiga solo hapa hapa Mwanza: kumbi za Ilemela, baa za ufukweni, na tukipata mwaliko tunapanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Chaneli mbili zinakutosha. Cha lazima ni kila moja iwe na geini (kitufe kinachoamua mkwaruzo uwe kiasi gani) na volyumu yake, uhame kwa kukanyaga, na ubaki na njia moja ya ziada ya kupandisha sauti ukiingia solo.

Ukiingia dukani ukasema tu "amplifaya ya chaneli nne", usishangae ukionyeshwa mashine ya kuchomeka kinanda, maiki na simu kwa pamoja. Hiyo ni ya kuchanganya sauti za watu kadhaa. Wewe unatafuta ya gitaa, ambayo chaneli zake ni sura tofauti za gitaa lile lile: moja safi, nyingine yenye mkwaruzo.

Na hata za gitaa hazifanani. Fender Twin Reverb ina chaneli mbili, lakini kila moja ina matundu yake ya kuchomeka waya, na kikanyagio chake kinawasha na kuzima riverbu (mwangwi) na vibrato (mtetemo wa sauti) tu, hakikuhamishi chaneli. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, nayo haikuhamishi chaneli kwa mguu. Naipenda mno JC-120 kwa sebene, nyuzi nyembamba zinasikika moja moja hata ukicharaza haraka, ila mkwaruzo wa maana utauleta kwa pedali, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti. Tena zote mbili zinakaribia kilo 30. Fikiria ngazi za ukumbi wa ghorofa ya pili.

Fender Hot Rod Deluxe inahama kwa mguu: safi, mkwaruzo, na mkwaruzo mkali zaidi. Tatizo ni kwamba vitufe vya toni, yaani besi, midi (sauti za kati) na trebo (sauti nyembamba), ni vya pamoja. Sebene inataka trebo ya kung'aa. Ukikanyaga mkwaruzo na trebo ile ile, wageni wa meza za mbele wanaziba masikio. Marshall DSL40CR nayo inashirikisha toni, lakini geini na volyumu zimetenganishwa, na ina masta (volyumu kuu) mbili unazozichagua kwa mguu. Masta ya pili ndiyo ile njia ya ziada niliyoisema. Boss Katana 100 inakumbuka mpangilio mzima wa kila chaneli, toni na madoido yote kama riverbu, na ina uzito wa kama kilo 15. Kikanyagio chake, GA-FC, kinauzwa peke yake, kwa hiyo kiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa nini nang'ang'ania volyumu? Kwa sababu mkwaruzo unabana sauti. Ukiwa chumbani peke yako, geini ikipanda unajiona mkubwa. Ukiwa katikati ya ngoma, besi, kinanda na waimbaji wanne, mkwaruzo ule ule unamezwa, na watu wanaona vidole vinatembea bila kusikia kitu. Solo inatokeza kwa midi na volyumu, geini ipunguze. Kanisani ndiko utakapolielewa vizuri: kwenye kuabudu unagusa nyuzi taratibu chini ya sauti ya mwombaji, halafu pambio linaanza bila onyo na mwalimu wa kwaya anakutazama. Huna muda wa kuinama kuzungusha vitufe. Unakanyaga, unapiga.

Kwa hiyo usipange toni nyumbani usiku kwa sauti ndogo ukaiamini. Sikio likipewa sauti ndogo linakosa besi na trebo, unaongeza zote mbili, na ukifika jukwaani gitaa lako linagombana na mpiga besi na matoazi. Panga ukiwa na bendi nzima, kwa sauti ya kazini.

Wati zisikusumbue sana. Kutoka 40 kwenda 80 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Kubwa zaidi ni mahali. Ufukweni hakuna ukuta nyuma yako, na amplifaya iliyo wazi mgongoni inapoteza besi nyingi pale. Ipandishe juu ya kreti ya soda, ilaze kidogo ikutazame, kisha fundi mitambo aweke maiki mbele ya spika. Kazi ya kuwafikia watu wa nyuma ni ya mitambo mikubwa.

Umeme sasa. Wetu ni volti 230. Mtumba wa Japani unataka volti 100, wa Marekani 120. Soma kibao cha nyuma kabla hujachomeka, na hesabu bei na uzito wa transfoma. Kwenye harusi moja nje ya mji jenereta ilikuwa inazidiwa kila taa za jukwaa zikiwaka zote, na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo) ya mwenzangu ikawa inanywea na kurudi usiku kucha. Kwa mazingira yetu, mtu mwenye amplifaya moja tu namshauri achukue ya transista. Na asikudanganye mtu ukate mguu wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) kwenye plagi ili mvumo uishe. Siku maiki na gitaa vikitofautiana umeme, utapigwa shoti mdomoni.

Kwa kazi zako, ningechukua Katana 100, ambayo ni ya transista, na GA-FC yake. Ukipata DSL40CR, ambayo ni ya valvu, ikiwa nzima na kwa bei nzuri na una uhakika wa umeme, ichukue pia kwa moyo mkunjufu. Nenda na gitaa lako, mchukue na mpiga besi wenu, muwashe kwa sauti ya kazini, na uhame chaneli kwa mguu mara nyingi mfululizo. Ikitoa kishindo kila ukikanyaga, au kikanyagio hakipo, usilipe.