Maswali yenu ya bandani: hawa wanacheza au wanauana?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni fujo tu. Mbuzi kampiga mwenzie, kitoto kinaruka kama kimepigwa shoti, beberu kamkosakosa baba mwenye nyumba. Nimechukua tano maana nyingine zinafanana, na safari hii kuna moja ya alpaka, msicheke, nimeijibu.

Shikamoo mama. Niko Kibosho, nina mbuzi wa maziwa wanne, machotara wa Toggenburg, wanakaa banda moja la kichanja hapa kihambani. Jumamosi nilinunua wa tano mnadani nikamwingiza jioni ile ile. Mama sikulala, ni kugongana vichwa usiku kucha mpaka mbao zinalia, asubuhi nakuta mgeni ana damu kwenye shina la pembe na kajibana kwenye kona hali kitu. Mume wangu anasema nimrudishe mnadani. Wamemkataa kabisa?

Marahaba mwanangu. Hawajamkataa, wanamuuliza ye ni nani. Mbuzi hawakai bila vyeo, kila mmoja anajua nani anampisha na nani anampisha yeye, na mara nyingi wakubwa ni wale wenye umri, mwili na pembe. Sasa we umeleta mtu ambaye hana cheo chochote, kwa hiyo wote wanne inabidi wapange naye upya, mmoja mmoja. Sisi Wachaga tukikosana mtu anakuja na jani la sale yanaisha, mbuzi hawana sale, wana paji la uso.

Lakini kabla sijaendelea nikugombeze kidogo. Mbuzi wa mnadani haingii bandani siku hiyo hiyo! Unamtenga kama wiki tatu, mbali na wenzie, maana anaweza kuwa kabeba sotoka ya mbuzi au homa ya mapafu na kwa macho humuoni kama anaumwa. Kwa hiyo mtoe leo. Si kwa sababu ya ugomvi, mtoe kwa sababu ya ugonjwa, na huko aliko atapona hilo shina la pembe. Hapo usidharau, pembe ya mbuzi ndani ina damu na uwazi wake unaungana na uwazi wa paji la uso, kwa hiyo ikiwa imechanika tu osha, paka dawa, zuia nzi, ila ukiona inacheza ukiishika, au kuna tundu, ita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Akimaliza karantini usimtupe tena katikati. Mweke kwanza upande wa pili wa mbao siku kadhaa waonane na wanusane, alafu muingize mchana, siyo jioni, na ikiwezekana muingize pamoja na mmoja wa wale wanne ambaye walishazoeana kwenye mbao, maana mgeni akiwa peke yake kipigo chote ni chake. Watapigana tu. Siku ya kwanza ndo mbaya, baada ya hapo inapungua, na ndani ya wiki moja hivi utaona wanamalizana kwa kutazamana tu, mkubwa anainamisha kichwa kidogo na mdogo anasogea.

Sasa kujua kama ni ugomvi wa kawaida au uonevu. Watu wengi wanaangalia pembe, mimi nakwambia angalia hori. Wakipigana kwa haki utaona wanasimama wakiangaliana, nywele za mgongoni zimesimama, mmoja ananyanyuka kwa miguu ya nyuma na kujigeuza kidogo alafu anashuka na kichwa, kwaa! na mwenzie anampokea. Wanarudia, wanarudia, mmoja anageuza uso anaondoka. Imeisha. Dakika kumi baadae wote wanakula. Ila ukiona aliyeshindwa anafuatwa mpaka kwenye kona, anapigwa ubavuni wakati hajajibu, na kila akisogelea majani anafukuzwa, hiyo siyo cheo tena, huyo atakonda mbele ya macho yako na maziwa utayasahau. Na kama ana mimba ndo usisubiri hata dakika, pigo la tumboni linaweza kumfanya atupe mimba.

Na mara nyingi kosa siyo la mbuzi. Kosa ni fundi uliyemwambia akutengenezee banda dogo na hori moja la futi tatu kwa mbuzi watano. Mbuzi mkubwa mmoja anahitaji kama sentimita 40 za hori peke yake, sasa piga hesabu we mwenyewe. Weka hori la pili upande mwingine kabisa wa banda, siyo kando ya lile la kwanza maana bosi atayasimamia yote mawili. Majani ya lusina na matawi yafunge mafungu mafungu yaning'inie sehemu tofauti, mbuzi anapenda kula juu. Weka na kibenchi cha mbao cha kurukia, mdogo akizidiwa anapanda juu, mkubwa anakosa hamu. Mimi hapa Usa River benchi la mbao za mirunda limenipunguzia kesi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua dukani.

Ah, na wale mnaochanganya beberu na dume la kondoo kwenye banda moja, acheni. Kondoo anarudi nyuma anakuja mbio, mbuzi ye ananyanyuka juu kwanza, kwa hiyo mbuzi akiwa bado yuko hewani mwenzie ameshafika kwenye mbavu. Mbuzi anaweza kufa hapo.

Mama habari za kazi. Vitoto vyangu viwili vya wiki tano kila jioni vinapagawa. Vinakimbia kuzunguka banda, vinaruka pembeni pembeni, vinapanda mgongoni kwa mama yao, vinagongana vichwa. Jirani kasema vina ugonjwa wa kichaa nivichinje mapema. Niko Tengeru.

Mwambie jirani asante alafu usichinje. Vinacheza! Kitoto cha mbuzi kikishiba na jua likipoa lazima kiruke, na ule mruko wa pembeni huku kichwa kimepinda ni mchezo mtupu, hakuna mbuzi anayepigana vile. Angalia pia kwamba vinapokezana, huyu anasukuma, sasa hivi ye ndo anasukumwa, alafu ghafla vinaacha kama vimesahau vilikuwa vinafanya nini. Mimi wa kunitia wasiwasi ni kile kisichocheza, kile kinachosimama na mgongo umepinda wenzie wanaruka, hicho ndo nakishika nikiangalie tumbo, mkia na joto.

Ila jirani yako huenda anachanganya na kizunguzungu, na hicho kipo sana huku kwetu. Mbuzi wa kizunguzungu anazunguka upande mmoja tu, kila siku ule ule, kichwa kimeinama upande, anagonga ukuta kama haoni. Ile ni minyoo ya tegu ya mbwa, inakaa kama kibofu cha maji ndani ya ubongo. Inatoka kwa mbwa wa nyumbani aliyekula kichwa kibichi cha mbuzi au kondoo, akaja kunya kwenye majani. Kwa hiyo Krismasi mkichinja, ubongo mbichi usimtupie mbwa, na mbwa mwenyewe apewe dawa ya minyoo.

Mambo mama, mimi sina mbuzi hata mmoja, nauza mitumba hapa Moshi mjini. Kaka yangu yuko Australia kwenye shamba la alpaka, wale wanyama kama ngamia aliyevaa sweta. Kanitumia video, wawili wanasokotana shingo, wanagongana vifua, mmoja anamkandamiza mwenzie mpaka anapiga magoti. Nikamwandikia waachanishe bwana! akanicheka, eti ni mchezo. Ni kweli?

Poa dada yangu. Inawezekana kabisa kaka yako yuko sahihi, ila mwambie akutumie video ndefu zaidi nione mwisho wake.

Alpaka kwao ni milima ya Andes, hasa Peru, na ni ndugu wa llama na kwa mbali ndugu wa ngamia. Hana pembe, kwa hiyo mieleka yake ni ya shingo na kifua. Madume vijana ndo zao, wanasukumana, wanang'atana miguu kidogo ili mwenzie akunje goti, wanadandiana, alafu wanaachana wanakula majani bega kwa bega. Na jioni ikifika kundi zima linaweza kuanza kudunda, miguu minne yote inatoka chini kwa pamoja kama mpira, wakubwa kwa watoto. Umeona eeh, ni kama vitoto vya Tengeru hapo juu.

Mate nayo ni lugha. Akilaza masikio nyuma na kunyanyua kidevu anatoa onyo, mwenzie asiposikia anatemewa, na ile ya hasira kweli inatoka tumboni, ya kijani, inanuka. Nyingi ni ugomvi wa chakula, kama mbuzi wetu tu. Kinachonifurahisha ni kwamba mtemaji mwenyewe anabaki mdomo umelegea, mdomo wa chini unaning'inia, ladha imemshinda. Jike mwenye mimba naye akisogezewa dume anamtemea na kukimbia, na wafugaji wanatumia hiyo kama kipimo cha mimba cha kwanza.

Mchezo unageuka pale madume yakikomaa. Kuanzia miaka miwili mitatu dume la alpaka linaota meno makali kama ya mbwa, ya kupigania, na hayachagui pa kung'ata, masikio, miguu, mpaka korodani. Ndo maana wafugaji wanayakata hayo meno. Kwa hiyo kwenye hiyo video angalia: wanapokezana? kuna muda wa kupumua? Kama ni mmoja tu anayekimbizwa na anapiga mayowe na hapewi nafasi, kaka yako aache kucheka afungue geti.

Na ukikuta sweta kwenye balo lebo yake imeandikwa alpaca, tafadhali usiliuze elfu tatu.

Niaje mama, mimi chalii wa Ngaramtoni. Nina kabeberu ka miezi minne nimekakuza mwenyewe kwa chupa, kananifuata mpaka kwa mangi. Nikikasukuma paji la uso kananisukuma na kenyewe, masela wanakuja kukatazama. Kuna mzee kasema niache hiyo tabia. Kwani kuna noma gani?

Noma ipo chalii yangu, na ninayo mdomoni.

Mimi nilikuwa na beberu anaitwa Meneja. Mama yake alikufa usiku ule ule wa kuzaa, nikamlea jikoni kwa chupa ya soda yenye chuchu, analala kwenye boksi jirani na mkaa. Watoto wangu wakawa wanamsukuma paji la uso kwa kiganja, na ye anarudi nyuma hatua mbili anakuja, tunacheka wote, mpaka wageni tulikuwa tunawaonyesha. Akafika mwaka na nusu. Siku hiyo nimeinama kuchota pumba, nikasikia kitu nyuma ya goti na nilichokumbuka baada ya hapo ni ukingo wa ndoo. Jino langu la mbele lina ufa mpaka leo. Nikageuka nimejaa pumba usoni namkuta Meneja amesimama hatua mbili, kichwa kimeinama, mkia unacheza, anasubiri zamu yangu. Yaani hakuwa na hasira hata kidogo. Ye alikuwa anacheza mchezo tuliomfundisha, tofauti ni kwamba sasa ana kilo sitini.

Beberu aliyekuzwa na watu peke yake hajui kama we siyo mbuzi. Hao hao alpaka wana tabia hiyo hiyo, dume likilelewa kwa chupa bila wenzie, likikomaa linamwona mtu ni dume mwenzie, linamvamia kweli kweli. Kwa hiyo kuanzia leo paji la uso usiliguse, mkune chini ya kidevu au shingoni. Mtafutie mwenzie wa rika lake wagongane wao. Kama humtaki kwa mbegu mhasi mapema, na kama unamtaka basi ujue miezi minne anaweza kupandisha tayari, mtenge na dada zake na mama yake. Mvishe kola. Akiinamisha kichwa usirudi nyuma ukicheka, maana kwake huko ni kukubali mchezo, shika kola au nyanyua kidevu chake juu na umgeuze, kichwa kikiwa juu hawezi kupiga. Na akianza kujikojolea ndevu, kutoa ulimi na kupiga piga jike kwa mguu wa mbele, ujue yuko kazini, usimpe mgongo na mtoto asiingie bandani.

Meneja alienda kwa shemeji yangu kwenye sherehe ya kipaimara. Sikula.

Mama, majike wawili wanadandiana tangu jana, hamna beberu hapa. Wanacheza au? Niko Sakina.

Yuko kwenye joto mmoja wao, mara nyingi ni yule anayekubali kudandiwa akasimama tu. Angalia mkia kama anautikisa sana na analia lia. Tafuta beberu leo, kesho anaweza kuwa amepoa, na ukichelewa weka alama kwenye kalenda, baada ya siku kama 21 atarudi.