Jibu kwa mleta uzi: taasisi ya ubongo ianzie wapi kuwafikia wananchi

Mleta uzi, umesema taasisi yenu mpya ya sayansi ya ubongo inataka kuwa ya watu wote, na kwenye mpango mmeweka mabango, fulana, kurasa za mitandaoni na siku ya wanafunzi kutembelea maabara. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye utafiti wa kifafa vijijini Morogoro, kwanza kama mhoji wa nyumba kwa nyumba, baadaye upande wa mahusiano na jamii. Ushauri wangu: anzeni na watu wenu wa ndani, wale ambao hakuna anayewaita wanasayansi.

Mkutano wa hadhara ukifungwa, wanakijiji hawamfuati profesa. Wanamfuata dereva. Wanamkuta ameegemea gari, wanamuuliza, "Hivi ile damu mnaipeleka wapi?" Akijibu "mimi naendesha tu", jua halijazama habari za mumiani zimeshafika kitongoji cha pili. Kwetu madereva, walinzi na dada wa usafi waliingizwa kwenye kikao cha Jumatatu pamoja na madaktari. Mwanzoni walikaa kimya. Halafu mlinzi mmoja akauliza: kama utafiti una mwisho, kwa nini damu inakaa kwenye friza hata baada ya huo mwisho? Madaktari wakatazamana. Kipengele hicho cha fomu ya ridhaa kikaandikwa upya na kurudishwa kamati ya maadili. Swali hilo lilikuwa kijijini muda wote, ila hakuna aliyekuwa na njia ya kulifikisha mezani.

Jingine ambalo halionekani kwenye mipango ni nywele. Msicheke. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kinataka elektrodi, yaani vile vijisahani vidogo vya kunasa umeme, ziguse ngozi ya kichwa. Mama analeta binti yake kasukwa vizuri kwa ajili ya safari ya hospitali, fundi anamwambia afumue. Kufumua ni kazi ya saa nzima, kusuka upya ni hela, na jeli ya kushikizia elektrodi inabaki kwenye nywele. Wengine wanaaga kwa heshima na hawarudi, kisha ripoti inaandika "walikosa mwamko". Mwamko gani tena? Huko Marekani mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne, alibuni elektrodi zinazobanwa katikati ya mistari ya kusuka, kwa sababu vifaa vya kawaida havikuwa vimetengenezwa kwa kufikiria nywele kama zetu. Ninyi hamhitaji kusubiri kifaa kipya. Waambieni watu mapema wasuke mistari ya kwenda nyuma yenye nafasi katikati, wekeni maji ya moto na shampuu, na gharama ya kusuka upya iingie kwenye bajeti kama inavyoingia nauli. Aliyetupa wazo hilo ni msusi, mke wa mmoja wa wahoji wetu.

Kuhusu elimu kwa umma, sitakuficha, picha za ubongo zenye rangi rangi haziwasogezi watu. Kinachowasogeza ni mtu mwenye kifafa kusimama mbele yao akiwa na kitambulisho cha taasisi shingoni. Vijijini tulikofanya kazi wengi wanaamini povu la mgonjwa linaambukiza, ndiyo maana unakuta mtoto kaungua mkono mzima: alidondokea motoni na watu wakaogopa kumshika. Tulikuwa na kijana mwenye kifafa, anatumia dawa, ameajiriwa kama mhoji. Yeye ndiye alikuwa analala chini kwenye mkutano na kumwelekeza mwenyekiti wa kitongoji amgeuze ubavu, aweke nguo laini chini ya kichwa, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, na degedege likizidi dakika tano aite usafiri wa kwenda kituo cha afya. Mwenyekiti kumshika mkono mbele ya watu wote kulifanya kazi kuliko vipeperushi vyetu vyote. Lakini mpeni ajira ya kweli, yenye mkataba na likizo ya ugonjwa. Posho ya siku moja na picha ya ukurasa wa mbele si ajira.

Na kabla hamjaita watu, ulizeni kwa mganga mkuu wa wilaya kama dawa zipo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata tiba sahihi, na fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, si ya bei kubwa. Sasa mama akisikia hayo kwenye spika zenu, akatembea hadi zahanati akaambiwa dawa imeisha, mkirudi mwaka unaofuata hatatoka ndani. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianza na kliniki karibu na mwaka 1960, na kwa kutibu watu ndiyo akapata kuwaona na kuwaeleza kwa maandishi watoto wanaosinzia kichwa, yaani kichwa kinaanguka mbele tena na tena kama cha mtu mwenye usingizi. Baadaye watafiti wengine waliuhusisha ugonjwa huo na usubi, maradhi ya minyoo yanayoenezwa na inzi wadogo weusi. Tiba ilitangulia, utafiti ukafuata nyuma yake.

Ziara za wanafunzi ni nzuri, fanyeni. Ila msichukue shule moja ya kulipia iliyo jirani kila mwaka, na mwalimu wa sayansi wa shule ya kata aje wiki moja kabla apange na ninyi.

La mwisho ni kalenda. Umeandika mnataka kuzindua kwenye ile Wiki ya Ubongo inayoadhimishwa duniani kila Machi, iliyoanzishwa 1996. Kwa mjini sawa. Kwa vijiji vya Ulanga na bonde la Kilombero, Machi ni masika: gari linazama kwenye tope, na watu wengi wamehamia mashambani kwenye mpunga, wanalala kwenye vibanda huko huko. Mtahutubia watoto na wazee. Pelekeni Julai au Agosti, mavuno yakishaingia ndani, na muulizeni mtendaji wa kijiji siku ya gulio ili msigongane nayo. Hela zikibaki, nunueni hizo fulana, za mikono mirefu, maana jioni mbu ni wengi.