Watoto jikoni: maswali yenu kuhusu mapishi mepesi ya kupika nao

Jamani asanteni kwa barua na meseji, safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yani mtoto anataka kupika na mkubwa hajui ampe nini. Nimechukua sita ambazo naona zitasaidia wengi.

Dada habari za kazi. Nina wawili, wa miaka 3 na wa 6. Kila nikisema leo tunapika wote wanaanza kugombania mwiko, unga unamwagika, mwisho wa siku nawatoa jikoni namalizia mwenyewe na wao wanalia. Nianzie wapi? – Mama wa wawili

Mama wa wawili pole, ila nakwambia watoto wako hawana shida yoyote, shida ni kwamba kuna mwiko mmoja na kazi moja na watu wawili wanaitaka. Wengi tunachagua chakula kwanza alafu ndo tunaanza kutafuta mtoto ashike nini, na mimi naamini inatakiwa iwe kinyume chake kabisa, anza na kazi ya kila mtoto, kazi ya kweli ambayo asipoifanya yeye chakula hakiendi, alafu ndo utafute pishi lenye kazi hizo. Mtoto anajua haraka sana kama umempa kazi ya kumnyamazisha tu.

Wa miaka 3 anaweza kuosha matunda, kuponda ndizi kwa uma, kumimina kitu ambacho wewe umeshakipima, kukoroga kwenye bakuli kubwa lenye kina. Wa miaka 6 anaweza kupima mwenyewe kwa kikombe na kijiko, kuvunja yai (avunjie kwenye kikombe pembeni, sio moja kwa moja kwenye unga, ili ganda likiingia mlitoe kirahisi), na kukata ndizi kwa kisu cha mezani.

Kwa hao wawili ningeanza na pankeki. Unga wa ngano kikombe 1, sukari kijiko 1 cha mezani, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo tu, yai 1, maziwa kikombe 1 na mafuta vijiko 2 vya mezani. Mkubwa apime vikavu vyote kwenye bakuli lake, mdogo apewe bakuli la pili la yai, maziwa na mafuta ayakoroge mpaka achoke, kila mtu ana bakuli lake na mwiko wake, alafu mnaunganisha pamoja na hapo mnakoroga kidogo tu mpaka unga mkavu usionekane. Mabonge madogo yakibaki yaacheni, yataisha kwenye kikaango, ukikoroga sana unga wa ngano unaanza kuvuta na pankeki zinakuwa ngumu kama ngozi. Acha dakika 5 zitulie, ndo muda wa wao kufuta meza, alafu kuchoma ni kazi yako wewe, moto wa wastani, na kazi yao ni kukaa mbali kidogo na kuangalia vile vitundu vinavyotokea juu, vikipasuka na kubaki wazi wakwambie "geuza". Hiyo kazi wanaipenda kupita maelezo na ni msaada kweli maana wewe macho yako yako kwenye moto.

Na unga utamwagika tu mama, tandika kitambaa chini, weka bakuli juu ya taulo lenye unyevu lisiteleze, bas.

Mimi ni baba, wikiendi nakuwa na mwanangu wa kiume miaka 7. Sina oveni, nina jiko la moto wa kawaida na friji yenye friza. Kuna vitu vya kufanya kweli au mpaka ninunue oveni? – Baba wa wikiendi

Kaka usinunue kitu. Kwa umri wa huyo bwana mdogo una mambo mengi ya kufanya na mengine ni ya kushangaza kuliko keki.

Anzeni na bisi. Sufuria nzito yenye mfuniko, mafuta vijiko 3 vya mezani, weka punje 3 tu za mahindi ya bisi, funika, washa moto wa wastani na msikilize. Zile 3 zikilipuka zote mafuta yako tayari, mimina punje zilizobaki, kama theluthi moja ya kikombe inatosha, funika acha upenyo mdogo wa mvuke, tikisa tikisa. Ukisikia kimya cha kama sekunde 2 kati ya mlio na mlio, zima. Wakati mnasubiri mweleze kinachotokea humo ndani, kila punje ina maji kidogo sana ndani yake na ganda gumu nje, moto ukifika kama nyuzi 180 yale maji yameshakuwa mvuke unaosukuma kwa nguvu mpaka ganda linashindwa na wanga uliolainika unafumuka nje na kuganda pale pale, ule ndo weupe mnaoula. Mahindi yaliyokauka kupita kiasi au yenye ganda lililopasuka hayalipuki, mwambie atafute zilizobaki chini azichunguze. Angalizo moja, bisi sio za mtoto wa chini ya miaka 4, zinakaba.

Cha pili ni barafu za mtindi na matunda. Vikombe 2 vya mtindi, kikombe 1 cha tunda lililoiva mkaliponda, sukari kijiko kimoja kimoja huku mnaonja. Onjeni vizuri hapa, mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuzidi mnavyopenda kwa sababu kitu kikiwa baridi sana ulimi hausikii utamu vizuri. Mimineni kwenye vikombe vidogo, chomekeni kijiti au kijiko kikishaanza kuganda kisianguke, mlaze usiku kucha. Zikigoma kutoka shika kikombe chini ya maji ya kawaida sekunde chache.

Na keki pia inawezekana bila oveni. Chukua sufuria kubwa nzito, weka tabaka la chumvi chini au kistendi cha chuma, funika ipate moto dakika 10, alafu weka humo chombo chenye mchanganyiko wa keki kisigusane na chini, funika, moto mdogo kabisa. Nusu saa ya kwanza msifunue, najua mtoto atataka kuangalia ila ukifunua joto linatoka na keki inadidimia katikati. Baada ya hapo chomeka kijiti, kikitoka kikavu imeiva.

Shikamoo. Mimi nina miaka 10. Napika biskuti na mama, ila zikitoka kwenye oveni zinakuwa laini sana nasema hazijaiva tunazirudisha, alafu zinakuwa ngumu na zinaungua chini. Nifanyeje? – Mpishi wa miaka 10

Marahaba mwanangu! Biskuti zako zilikuwa zimeiva mara ya kwanza. Biskuti ikiwa ya moto siagi yake iko majimaji na sukari bado laini, kwa hiyo ukiigusa unaona kama mbichi, ikipoa ndo inashikana na kuwa kavu. Usiangalie ulaini, angalia pembeni, kingo zikianza kuwa na rangi ya dhahabu hafifu na katikati bado pamepauka mwambie mama atoe trei, alafu uziache hapo hapo kwenye trei dakika 10 bila kuzigusa.

Nakupa moja ya kujaribu ambayo hesabu yake utaikumbuka bila kuandika, ni 1, 2, 3. Sukari gramu 50, siagi gramu 100, unga gramu 150. Hakuna yai hakuna beking pauda. Siagi iwe imelainika, ikoroge na sukari mpaka ipauke, weka unga, kanda kwa mkono mpaka ishikane, sukuma unene wa kama kidole chako kidogo, kata kwa mdomo wa glasi, laza kwenye friji dakika 20 zisitawanyike, oka nyuzi 170 kama dakika 15 mpaka 20. Oveni hazifanani, kwa hiyo kuanzia dakika ya 12 kaa karibu uangalie kupitia kioo. Ukitaka nyingi zidisha zote kwa 2. Trei aitoe mama.

Mwanangu, mjukuu wangu wa miaka 4 analamba bakuli la keki mbichi mpaka linang'aa. Sisi tulifanya hivyo hivyo tukakua. Sasa mama yake amekataa kabisa, nani yuko sawa? – Bibi wa jikoni

Shikamoo bibi. Naomba unisamehe, hapa nipo upande wa mama yake. Mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, hilo wengi wanalijua, ila kinachosahaulika ni kwamba hata unga wenyewe ni mbichi, nafaka imetoka shambani ikasagwa tu haijapitishwa kwenye moto, na imeshatokea mara kadhaa watu kuugua kwa unga mbichi peke yake. Wengi wanalamba na hawapati kitu ni kweli, lakini tumbo la mtoto mdogo likiharibika anaishiwa maji mwilini haraka. Mtengee cha kulamba ambacho ni salama, kijiko chenye siagi ya karanga au tunda lililopondwa, awe na haki yake hapo hapo mezani. Na kama kuna kichanga nyumbani, asali hapana kabisa mpaka atimize mwaka mmoja, hata ndani ya kitu kilichookwa, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia na sumu yake inalegeza misuli.

Mtoto wa dada yangu ana aleji ya mayai na anakuja kukaa na sisi likizo. Wanangu wamezoea kuoka. Sitaki akae pembeni anaangalia tu. – Mama mdogo

Vizuri umewaza mapema. Usimpikie chake peke yake, wote muoke kitu kisicho na yai toka mwanzo. Zile biskuti za 1, 2, 3 hapo juu zinamfaa, na mkate wa ndizi pia: ndizi 3 zilizoiva mpaka ganda limekuwa na madoa meusi, ponda, weka mafuta theluthi moja ya kikombe, sukari nusu kikombe, maziwa robo kikombe, maji ya limao kijiko 1 cha mezani, alafu unga kikombe 1 na nusu, beking soda kijiko 1 cha chai na chumvi kidogo. Nyuzi 180, dakika 45 mpaka 55. Ndizi ndo inashika kazi ya yai hapo, na limao linaamsha ile soda, watoto wapewe kijiko cha soda na matone ya limao kwenye kikombe pembeni waone inavyofoka, ni dakika moja tu ila wataiongelea siku nzima. Soma pakiti zote, siagi na chokoleti pia, vyombo vioshwe kabla, na muulize dada yako kama kuna dawa ya dharura iko wapi na inatumikaje.

Mimi naogopa. Moto, visu, mafuta. Binti yangu ana miaka 8 na ananiomba kila siku. Nimwambie nini? – Mama mwoga

Mwambie ndio, kwa hatua. Uoga wako una sababu kwa hiyo usiutupe, utumie kupanga. Wiki za kwanza vitu visivyo na moto, kuchanganya, kukata matunda. Kisu kiwe kidogo na kikali, ndio kikali, kisu butu kinateleza maana mtoto anakandamiza kwa nguvu. Mfundishe vidole vikunjwe kama kucha za paka, ncha za vidole ziwe nyuma ya vifundo, na tunda ulikate upande mmoja kwanza ili likae bapa lisizunguke. Zabibu na vitu vya mviringo kama kuna mdogo wa chini ya miaka 5 mezani zikatwe vipande vinne kwa urefu.

Akizoea, ndo moto, na moto aanze na kitu chenye maji kidogo kama mayai ya kuvuruga, wewe ukiwa umesimama pale, sio chumba cha pili na simu mkononi. Mishikio ya sufuria igeukie ndani, nywele zifungwe, mikono mirefu ikunjwe, na kufunua mfuniko aufungue kuelekea upande wa mbali naye ili mvuke usimpige usoni. Mafuta mengi ya kukaangia bado, hiyo aje kuifanya akiwa mkubwa.

Na ikitokea ameungua, maji ya bomba ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, uangalie saa kabisa maana 20 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usiweke barafu, usipake dawa ya meno wala siagi wala yai wala asali. Vua pete au bangili kabla hapajavimba, nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute, funika kwa plastiki safi ya kufungia chakula bila kubana. Kidonda kikiwa usoni, mkononi, kwenye kiungo, au kikizidi ukubwa wa kiganja chake, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Binti wa miaka 8 haya yote anaweza kuyajifunza, mfundishe kabla hamjawasha jiko, mwambie akusimulie mwenyewe kwa maneno yake na akishayasema yote bila kukosea mpe aproni, washeni moto muanze na hayo mayai.